Deda Mwenye Masharubu

Goytala, 16 Januari

Bi Lamara, mwalimu wangu mheshimiwa,

Nimefika, na kijiji kizima kimeshajua, maana mtu wa Guria hawezi kushuka kwenye gari kimya kimya, na mimi wala sikujaribu. Mkuu wa shule, Iskender, alinipokea barabarani. Akaniangalia viatu, akauliza, "Wewe ndiye mwalimu?" Nikamjibu, "Hapana mzee, mwalimu anakuja nyuma, mimi nimembebea sura tu." Hakucheka. Mkewe alicheka, na tangu siku hiyo sahani yangu ndiyo inayopakuliwa kwanza.

Nafundisha lugha yetu ya taifa darasa la tatu. Watoto wote ni Waazeri. Wakishatoka getini hawasikii neno letu hata moja mpaka kesho yake asubuhi. Wananiita Gocha muallim. Mimi! Yule yule ambaye chuoni mlimtoa ukumbini kwa kuigiza mwendo wa mkuu wa idara. Ungeona wanavyosimama nikiingia, ungeomba radhi.

Umeniagiza niandike kwa mkono, nijibu maswali yako matatu. Haya. Nimeona nini? Jiko la kuni linalotoa moshi kuliko joto, ubao wenye ufa, na watoto wenye pua nyekundu. Nimefanya nini? Nimewachekesha kabla kengele haijalia. Na sikuona nini? Hapo unisamehe, Bi Lamara. Nisichokiona nitakiandikaje? Nimtume nani akakitazame?

Yupo mmoja tu aliyenishinda, msichana, Telli. Ameanza shule hapa vuli hii. Hasemi. Si kwamba anakosea, hasemi kabisa. Unamwuliza, naye anakutazama mdomo kama anasubiri kitu kidondoke. Nimemwekea nadhiri. Ikifika Siku ya Deda, sikukuu ya wanawake waliotuzaa, tarehe tatu Machi, atakuwa anaongea kama redio.

Mengine ni mazuri. Bi mkubwa yuko Bari bado, anamwogesha bibi wa Kiitalia asiyejua jina lake. Yale ya Oktoba yalipita. Ninakula, ninalala, ninacheka. Wakati mwingine nikicheka ni kama midomo nimeazima, kama vile umetoka kung'olewa jino na ganzi haijaisha. Baridi hiyo, bila shaka.

Mwanafunzi wako hodari kuliko wote,
Gocha Sharashidze


Tbilisi, 25 Januari

Gocha, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikachukua kalamu nyekundu.

Sitaki kukutisha, ila unajua hali yako ilivyo. Kamati ilitaka kukufukuza moja kwa moja. Nilisimama nikasema nakudhamini mimi, apewe nafasi ya pili, muhula mmoja wa mazoezi mahali pagumu. Usipopita, hakuna mara ya tatu, na huo ualimu utauona kwa watu. Kwa hiyo acha kunihesabia nani amecheka. Kuchekesha watoto hata paka anaweza.

Niambie unavyowaeleza maneno. Mtoto asiyejua lugha yako akisikia neno jipya, anapata wapi maana yake? Umewauliza nyumbani wanasemaje? Kwenye maandalio yako ya somo sioni mahali hapo.

Swali la tatu si mzaha. Jioni, darasa likishatoka, kaa kwenye dawati la yule asiyesema. Tazama ubao kutoka hapo.

Na hayo unayoyaita "yale ya Oktoba" yana jina. Arobaini ya baba yako ilikuwa Desemba. Hukuniambia kama ulikwenda nyumbani.

Mkufunzi wako,
Lamara Kvirkvelia


Goytala, 5 Februari

Bi Lamara,

Kaa chini. Telli amesema.

Kwanza nikujibu lako. Unauliza nawaelezaje maneno. Siwaelezi! Hiyo ndiyo njia yangu, iandikeni kwenye vitabu vyenu. Mlango wa darasa langu ukifungwa, Kiazeri kinabaki nje na mabuti. Mimi nasema, wao wanasikia, wanarudia, wanashika. Kuna nini cha kueleza? Kwa lugha yetu, deda ni yule aliyekubeba tumboni. Mama ni yule mwanamume aliyekuwa nje ya hospitali anavuta sigara. Mtoto gani duniani hajui hilo?

Sasa sikiliza. Jumanne theluji ilizidi, wenzake wakaenda kuteleza, yeye akabaki karibu na jiko. Nikakaa sakafuni. Nikamwuliza, polepole, "Telli, nyumbani kuna nani?"  Nikakaribia kusema kichekesho, basi tu mdomo ulikuwa umeganda. Ndipo akasema, kwa lugha yetu, kwa sauti ya kukwaruza:

"Bibi yupo. Mama hayupo. Deda mbali. Urusi. Kazi."

Bi Lamara, huyo ni mimi. Huyo ni mimi mwenye mikia miwili ya nywele! Mzee hayupo, bi mkubwa yuko nchi za watu anafanya kazi. Nilitaka kumwambia mwenzangu, karibu chamani. Nikamwuliza, "Deda atarudi lini?" Akasema, "Machi." Akatabasamu, na pengo mbele.

Basi nimemtungia shairi, mimi mwenyewe, usiku mmoja tu, ingawa wengine huchukua miaka. Atalighani ukumbini Siku ya Deda:

Deda, uko mbali, kazi imekushika,
theluji ya kwetu huku inayeyuka.
Kiti chako kipo, nimekuwekea,
rudi hata usiku, nitakufungulia.

Analishika kama moto unavyoshika karatasi. Anakuja mapema kabla ya wenzake, anasimama mbele yangu, analisema, anakwenda kukaa. Iskender amesikia kutoka dirishani, akasimama na ndoo yake ya makaa mpaka mwisho.

Arobaini sikwenda. Barabara ilikuwa mbaya.

Mshairi,
Gocha


Tbilisi, 14 Februari

Gocha,

Shairi ni zuri. Nimelisoma kwa sauti jikoni kwangu. Mstari wa tatu unapwaya kidogo, uache hivyo hivyo.

Lakini umeniandikia ukurasa mzima kuhusu Telli, na nilipotafuta Telli ni yupi humo, nimepata sentensi mbili na pengo la jino. Kilichobaki chote ni wewe. Sikulaumu. Mwalimu kijana humwona mtoto aliyefanana naye, akashukuru, akaacha kutazama. Nimewaona wengi.

Kabla hujampandisha jukwaani, uliza nyumbani kwao. Mwulize mkuu wako wa shule, anaijua kila nyumba. Mtoto ametoka wapi? Nani alimleta? Kwa nini alikuwa kimya? Barabara ya Desemba hii haikuwa mbaya, mimi nilipita huko mwenyewe. Ila hilo tutaongea siku nyingine.

Tarehe tatu Machi nitakuja. Nitakaa nyuma kabisa, usinionyeshe kwa watu. Hiyo ndiyo siku nitakayoandika kama umepita.

Lamara


Goytala, 20 Februari

Bi Lamara,

Nimeuliza, moyo wako utulie. Nimemkamata Iskender akiwa amepanda ngazi anaziba bati. Nikamwuliza kwa sauti, "Muallim, mzazi wa Telli atakuja Siku ya Deda?" Akasema, "Atakuja. Amepata ruhusa kazini, yuko njiani." Nikamwuliza, "Anajua kama binti yake ana shairi?" Akasema, "Ameambiwa kwa simu, alilia." Sasa unataka nini tena? Shahidi ninaye, yuko juu ya paa.

Telli amekuwa mtu mwingine. Anagombana! Jana amemwambia mwenzake, kwa lugha yetu, "Toa mguu wako, punda." Neno punda amelitoa kwangu, najivunia.

Kwa siku yenyewe nimepanga kila mtoto akimaliza shairi lake anamwita mzazi wake jukwaani, anampa maua ya zambarau. Mimi nitakuwa mshereheshaji, nani mwingine? Nimenyoosha shati. Iskender amenikopesha tai yenye rangi ya mchuzi.

Sina habari nyingine. Nalala vizuri. Naweza kulala hata nimesimama.

Tuonane ukumbini. Leta leso, utaihitaji.

Gocha


Goytala, 4 Machi

Bi Lamara,

Uliondoka na gari la saa nane bila kuniaga. Nilikuona ukiwa getini, mgongo tu. Sikukuita.

Nitaandika ilivyokuwa, kwa sababu wewe uliona kutoka nyuma na hukusikia ya pembeni.

Telli alisema shairi lote, hakukosea. Alisema kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Kisha nikamwambia kwenye kipaza sauti, "Sasa tuitie deda wako, aje achukue maua." Akaita, "Deda!" Na akasimama mwanamume. Mrefu, koti la kazi, masharubu kama ufagio. Akaja mpaka jukwaani. Telli akampa maua.

Nami nikafanya ninachofanya siku zote. Sikufikiri. Sikuwa na sababu. Kimya kilikuwa kimeingia ukumbini na mimi kimya sikiwezi. Nikasema, "Jamani, mwaka huu deda wameanza kufuga masharubu!"

Ulisikia kicheko. Wageni wa wilayani, walimu, wale wakubwa wa darasa la tisa wanaojua lugha yetu. Nikaongeza na nyingine. Nikamwambia Telli, "Siyo huyu, mrembo, maua ni ya deda, huyu ni mama! Deda umemficha wapi?" Wakacheka tena. Telli alinitazama mdomo, kama zamani.

Iskender ndiye alinivuta mkono. Tukaenda nyuma ya pazia. Akaniambia bila kugomba, kama mtu anayesoma bei za sokoni. Kwetu Waazeri baba ni dede, na deda yako mtoto aliisikia hivyo. Huyu mtoto alikulia Urusi, na huko mzazi wa kike huitwa mama. Mama yake huyo alifia huko Septemba. Baba yake, Veysel, akamleta binti kwa bibi yake, akarudi kazini. Akasema, "Nilidhani unajua. Uliniuliza juu ya paa, nikadhani unajua." Nilimwuliza mzazi atakuja, akasema atakuja. Hakunidanganya.

Kwa hiyo mama hayupo, deda mbali. Alikuwa ameniambia kila kitu karibu na jiko. Mimi ndiye niliyegeuza.

Niliporudi jukwaani nilitangaza shairi lililofuata. Nilitangaza yote mpaka mwisho. Watu wanasema nilitangaza vizuri.

Leo Telli hakuja shule.

Nimekaa chumbani tangu mchana, nasubiri nisikie vibaya. Sisikii. Nimejifinya mkono kuona. Naona alama, basi.

Nadhani nirudi nyumbani. Mjomba ana sehemu ya kuosha magari Ozurgeti, ameniahidi mpira wa maji wa kwangu. Andika tu nimefeli, tumalizane.

Gocha


Tbilisi, 10 Machi

Gocha,

Sikukuaga kwa sababu nami nilicheka.

Uliposema la masharubu, nilicheka kwa sauti, mimi mwenye miaka yangu ya kufundisha watu kufundisha, na nilikuwa bado nacheka nilipomwona mtoto. Sikuweza kuja kukupa mkono na kuanza kukufundisha kitu. Nikapanda gari.

Sasa nikwambie nilichokiona kutoka nyuma, ambacho wewe jukwaani hukukiona. Yule baba hajui lugha yetu. Watu walipocheka, alitazama huku na huku, akaona kila mtu ana furaha, naye akacheka. Alicheka pamoja nao, kwa adabu, ameshika maua kifuani. Alidhani wanamsifu binti yake. Aliinama hata, kama wanavyoinama wasanii. Na Telli alimwona baba yake anacheka.

Nimelifikiria shairi lako siku zote hizi. Hakukuwa na kosa ndani yake. Katika ukumbi ule hakuna aliyemaanisha kila neno isipokuwa yule mtoto. Alipata maneno ya kumwambia mtu aliye mbali anayempenda, na akamwambia. Hilo ulilifanya wewe. Na la pili ulilifanya wewe vile vile. Sijui nikufutie lipi.

Sijaandika chochote kwenye fomu yako. Ukiondoka, sitaandika umefeli. Nitaandika umeondoka, kwa sababu hilo ndilo litakuwa limetokea.

Hunihitaji nikwambie ujutie. Sikuulizi unajisikiaje. Nakuuliza Telli yuko wapi, na nani anamfundisha.

Lamara


Goytala, 22 Machi

Bi Lamara,

Sijaondoka. Si ushujaa, ni uvivu wa kufunga begi.

Telli hakuja wiki nzima, wala iliyofuata. Wenzake walisema anaumwa tumbo. Kisha ikakaribia Novruz, sikukuu yao ya mwaka mpya, kila nyumba inapika vitamu, watoto wanaruka moto, na mimi nimejifungia. Iskender akagonga. "Vaa koti. Leo tunakwenda kwa Veysel. Ni sikukuu nyeusi."

Nikamwambia sitanii tena, asinitanie. Akasema, "Nani anatania?" Kumbe nyumba iliyofiwa, sikukuu ya kwanza baada ya msiba haina vitamu wala mishumaa. Watu wanakwenda tu, wanakaa nao.

Tukakaa. Wanaume ukutani, chai ya rangi, hakuna anayesema. Saa nzima hakuna anayesema! Kwetu Guria hata maiti angetafutiwa mtu wa kumwongelesha. Nilikuwa na vichekesho vinane kooni, nikavimeza kimoja kimoja na chai. Telli alikuwa mlangoni amemshika bibi yake sketi. Haumwi tumbo, Bi Lamara. Mzima kabisa.

Nilikuwa nimepanga la kusema. Nilimnong'oneza Iskender, "Nitafsirie. Mwambie nisamehe. Mwambie siku ile walimcheka, na aliyewachekesha ni mimi."

Iskender akasema, "Sitafsiri."

"Kwa nini?"

"Kijana, tazama pale."

Ukutani, juu ya televisheni, maua yale yale ya zambarau, yamekauka, yamebandikwa kwa gundi ya karatasi pembeni ya picha ya mwanamke. Iskender akasema, "Amewasimulia watu wote waliopita hapa kuwa binti yake aliufurahisha ukumbi mzima mpaka wakubwa wa wilaya wakacheka kwa furaha. Unataka kumwambia nini? Na umwambie ili nani apone?"

Nikainua macho, Telli ananitazama. Mdomo wangu. Ndipo nikaelewa kwa nini haji shule. Anajua. Alielewa pale pale jukwaani, au wakubwa walimwambia njiani. Na amemficha baba yake. Amebaki nyumbani kuhakikisha hakuna anayekuja kusema. Na mimi ndiye niliyekuja.

Nikafunga mdomo. Nikamtikisia kichwa kidogo, hapana, sisemi. Sijui kama aliona.

Veysel akaniambia kitu, Iskender akatafsiri, "Anauliza lile shairi linasemaje. Alilisikia, hakulielewa." Iskender akanigeukia, mimi nikamgeukia Iskender. Na Telli akaachia sketi ya bibi. Akaja katikati ya chumba, mbele ya wanaume wote, akalisema kwa Kiazeri. Alitafsiri mwenyewe, mstari kwa mstari, anasimama, anatafuta neno, anaendelea. Mimi nililitambua moja tu, la kwanza, dede. Alilisema na baba yake akaweka kiganja usoni na hakukitoa mpaka watu walipoanza kuaga.

Hakuna aliyepiga makofi. Niliona ni vizuri hivyo.

Veysel amerudi Urusi jana asubuhi.

Hilo ndilo lililotokea. Mimi nilikunywa chai glasi nne na sikusema neno. Sijui kama hiyo ni kazi ya mwalimu.

Gocha


Tbilisi, 30 Machi

Gocha, mwanangu,

Kamati imekaa. Nimeandika: arudie mazoezi. Hujapita.

Wenzangu walitaka kukupitisha. Barua zako niliwasomea baadhi, mmoja alitoa miwani akaifuta. Mimi ndiye niliyekataa, na ni haki yako kujua sababu. Si kwa ajili ya masharubu. Kinywa kikosefu kila mwalimu anacho, na changu umekisikia. Ni kwa ajili ya barua yako ya tarehe ishirini Februari. Ulimwuliza Iskender swali ambalo jibu lake ulikuwa nalo tayari mfukoni. Ulitaka shahidi. Mpaka utakapoweza kuuliza kitu usichokijua, mbele ya mtu, na ukasubiri, sitatia saini.

Muhula hauishi mpaka Juni. Shule ikikutaka, kaa hapo hapo, na Septemba tuanze upya. Kamati imekubali. Nimewaambia hiyo si mara ya tatu, ni ya pili iliyorefuka. Wasipokutaka, nenda kwa mjomba wako, sitakuona mbaya.

Najua utafanya kama haikuumi. Nami nitafanya hivyo hivyo.

Lamara


Goytala, 7 Aprili

Bi Lamara,

Nimesoma. Nilisubiri iniume. Sikupata hasira, nikapata njaa, nikala mkate mzima.

Nilimpelekea Iskender barua yako, nikamwambia, "Nimefeli, muallim. Bado mnanitaka?" Akaisoma mpaka kwenye saini, akasema, "Paa bado linavuja. Unajua kushika ngazi?" Nimechukulia hilo ni ndiyo.

Telli amerudi shule. Hakuna aliyemwita, alikuja tu siku ya Jumatatu na begi lake. Lugha yetu hasemi tena. Nikimwuliza, ananijibu Kiazeri, wazi, mbele ya wote, na ananisubiri. Basi nimebadilisha utaratibu. Mlango uko wazi, Kiazeri kimeingia ndani na mabuti yake. Kila neno langu wao wananipa lao, linaandikwa pembeni. Mimi ndiye mzito kuliko wote. Watoto wanasema nina ulimi wa ng'ombe.

Jana tulikuwa kwenye maneno ya nyumbani. Nimewauliza mmoja mmoja, kwenu mnamwitaje huyu, mnamwitaje yule. Sikuwa najua watajibu nini. Aliyewazaa, wengine wanamwita nene, wengine wanamwita ana, yuko mmoja anamwita dada yake mkubwa kwa jina la aliyemzaa, na sikuuliza sababu mbele ya watu. Nilipofika kwa Telli nilisimama. Hakutaka kusema. Nikasubiri, kisha nikapita.

Nikiwa nimegeukia ubao nikasikia sauti yake nyuma yangu, kwa Kiazeri, "Na wewe, muallim? Nyumbani kwenu kuna nani?"

 Nikajua la kusema. Nikajaribu kwa lugha yao. Nene wangu yuko mbali, Italia. Hilo lilitoka salama. Kisha nikasema la baba yangu, na darasa zima likalipuka. Wakapiga madawati, mmoja akaanguka kwenye benchi. Nikamwuliza wa mbele nimesema nini, akasema huku anafuta machozi, "Umesema umemuua, muallim! Umesema, 'Nimemuua dede!'"

Telli hakucheka. Alikaa mikono juu ya dawati, akangoja kelele ziishe. Zilichelewa kuisha. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango, "Öldü. Sema öldü."

Nikasema, ikatoka vibaya. Akangoja. Nikasema tena.

Öldü. Baba yangu amekufa. Amekufa tarehe ishirini na nane Oktoba, bustanini, chini ya miti ya hazeli aliyoipanda mwenyewe, na mimi nilikuwa chuoni naigiza mwendo wa mtu.

Kisha nikawaambia wafungue ukurasa wa arobaini na mbili, wakafungua.

Gocha